Bata mzinga wa kilo ngapi anatosha watu wangapi?

"Tuko watu kumi na wanane. Ninunue bata mzinga wa kilo ngapi?" Swali hili naulizwa kila mara, na huwa silijibu papo hapo. Kwanza na mimi nauliza: oveni yako ina upana gani ndani? Friji ina nafasi kiasi gani? Shughuli imebakiza siku ngapi? Aliyeuliza hushangaa, maana alitaka hesabu ya nyama tu. Lakini kwa miaka yote niliyooka ndege hawa nimeona kwamba uzito ukishachaguliwa, mambo mengine yote yanaufuata: siku za kumyeyusha, kiasi cha chumvi, saa za oveni, na hata kama kidari kitafika mezani kikiwa na majimaji yake au kimekauka hadi watu wanakisukumia pembeni ya sahani.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa ndege mzima, mbichi, mwenye mifupa yake, nakadiria gramu 450 hadi 700 kwa kila mtu mzima. Gramu 450 zinatosha pale mezani penye vyakula vingine vingi. Gramu 700 ni za walaji wa kweli, au za mwenye nyumba anayetaka kiporo cha siku mbili. Watoto wadogo wawili nawahesabu mtu mmoja. Nikiwa sijui lolote kuhusu wageni, nashika gramu 600.

Usiogope ukubwa wa namba hizi. Kilo moja ya ndege mzima, ukitoa mifupa na maji na mafuta yanayotoka motoni, hukupa nyama iliyoiva isiyofika nusu kilo. Kwa hiyo kilo 6 kwa watu kumi, ambazo dukani zinaonekana mzigo, mezani ni kama gramu 280 tu za nyama kwa kila mmoja.

Tena ndege mdogo anadanganya. Akiwa chini ya kilo 5 hivi, fungu la mifupa katika uzito wake linakuwa kubwa zaidi, kwa hiyo kwa ndege wa aina hiyo napiga hesabu ya gramu 700 bila kusita. Na kama watu ni wanne hadi sita, mara nyingi nashauri waachane kabisa na ndege mzima. Kidari kimoja chenye mfupa cha kilo 2.5, pamoja na mapaja mawili yaliyonunuliwa kando, kitawalisha vizuri, na kila kipande kitatoka motoni kwa wakati wake. Nitaeleza baadaye kwa nini jambo hilo lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana.

Tatizo kubwa liko kwa wakubwa. Mtu anazidisha watu 20 kwa gramu 600, anapata kilo 12, anakwenda kununua ndege wa kilo 12. Hesabu ni sahihi, ununuzi umeharibika. Mimi siokei ndege anayezidi kilo 7 nikiwa na njia nyingine. Watu 20 nawapikia ndege wawili wa kilo 6.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa kazi yangu nilipewa ndege wa karibu kilo 11 kwa ajili ya mkusanyiko wa familia moja. Ngozi ilipopata rangi nzuri nikamtoa. Nilipokata kiungo cha paja, ndani nyama ilikuwa bado mbichi, nyekundu na ya kuteleza. Nikamrudisha ndani saa nzima, watu wamekaa mezani wanasubiri. Paja lilipoiva, kidari kilikuwa kimekwisha: nyuzi tupu, hakuna mchuzi ungeweza kukifufua. Mama mmoja mzee alikula chote bila kusema neno, na mpaka leo nikimkumbuka naumia.

Kilichotokea siku ile kina maelezo. Joto la oveni linaingia kutoka nje kwenda ndani, tena polepole, na nyama ikiwa nene zaidi linachukua muda mrefu zaidi kufika katikati. Wakati katikati inasubiri zamu yake, tabaka za nje zimeshaiva na zinaendelea kupigwa na moto saa baada ya saa. Kwa ndege wa kilo 5 pengo kati ya nje na ndani unaweza kuliishi. Kwa ndege wa kilo 11 linakuwa kubwa mno.

Hapa pia ndipo kanuni ya "dakika kadhaa kwa kila kilo" inapokwama. Mwanafizikia Wolfgang Panofsky, mkurugenzi wa kwanza wa maabara ya SLAC ya Chuo Kikuu cha Stanford, hakuridhika nayo, akaandika fomula yake mwenyewe ya kuoka bata mzinga: muda unakua kwa uzito uliopandishwa kwenye kipeo cha theluthi mbili. Kwa lugha ya jikoni, ukiongeza uzito mara mbili, muda unaongezeka kama mara 1.6 tu. Anayezidisha dakika kwa kilo atamkausha ndege mkubwa, na ndege mdogo atamtoa kabla ya wakati. Muda unaotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani unafuata mkondo huohuo: kwa oveni ya nyuzi 163 za Selsiasi, ndege asiyejazwa kitu tumboni wa kilo 5.4 hadi 6.4 anachukua saa 3 hadi 3 na dakika 45, na wa kilo 9 hadi 11 anachukua saa 4 na nusu hadi 5. Muda huo nautumia kupanga siku yangu. Kuamua kama ndege ameiva ni kazi ya kipimajoto.

Ndege wawili wana faida nyingine pia. Unapata mapaja manne badala ya mawili, na wapenda paja ni wengi kuliko wanavyokiri. Unaweza kumwoka mmoja mapema, ukamkata, ukamhifadhi kwenye friji, kisha ukapasha nyama yake moto na kikombe cha supu chini ya foili mpaka ifike nyuzi 74, huku wa pili akitoka motoni mzima kwa ajili ya meza. Na kama oveni haiwezi kubeba wawili, nunua mmoja wa kilo 6 na kidari kimoja cha pembeni. Kabla ya kununua chochote, chukua futi ya kupimia uingize ndani ya oveni. Oveni nyingi za nyumbani zina kama sentimita 45 za upana ndani, na hewa ya moto inahitaji angalau sentimita 5 kila upande ili izunguke.

Maswali mengine ya dukani nayapita haraka. Jike au dume? Dume ni mkubwa zaidi, basi; ulaini unatokana na umri, na jinsia haina neno hapo. Mbichi au wa barafu? Wa barafu ni mzuri kabisa ukimyeyusha kwa utaratibu. Jambo moja tu la kusoma kwa makini ni lebo: kama imeandikwa kwamba ndege ameshadungwa maji ya chumvi, usimpake chumvi tena kwa kipimo nitakachokitaja hapa chini.

Kumyeyusha ndiko kunakoangusha shughuli nyingi, kwa sababu watu wanaanza wamechelewa. Ndani ya friji yenye nyuzi 4 au chini ya hapo, hesabu siku moja kwa kila kilo 2, ndege akiwa kwenye trei rafu ya chini kabisa ili majimaji yake yasidondokee chakula kingine. Wa kilo 6 anataka siku tatu. Wa kilo 12 anataka sita, na hiyo ni sababu nyingine ya kumkwepa. Ukibanwa na muda, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, saa moja kwa kila kilo, ukibadilisha maji kila dakika 30, kisha umwoke siku hiyohiyo. Usimwache juu ya meza ya jikoni usiku kucha. Nje atapata joto wakati ndani bado ni jiwe la barafu, na kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria wanazaana kwa kasi.

Wala usimwoshe kwenye sinki. Najua wengi wamelelewa hivyo, na mimi nililelewa hivyo. Lakini maji hayaui salmonela, bakteria wanaoleta maradhi ya tumbo. Yanairusha kwenye kuta, vyombo, na mboga zilizo karibu. Mfute kwa karatasi ya jikoni, toa shingo iliyo tumboni, na utafute mfuko wa firigisi na maini ambao mara nyingi umefichwa upande wa shingoni. Vitu hivyo ni mwanzo wa supu.

Kwenye chumvi naomba tukae kidogo, maana hakuna hatua nyingine inayobadilisha ladha kwa gharama ndogo hivi. Kipimo changu ni gramu 10 za chumvi laini kwa kila kilo ya ndege. Kwa ndege wa kilo 6 ni gramu 60, kama vijiko vitatu vya chakula na kitu. Ingiza vidole kati ya ngozi na nyama, kuanzia shingoni, uitenganishe taratibu bila kuichana, kisha upake karibu nusu ya chumvi moja kwa moja juu ya kidari na mapaja. Iliyobaki ipake nje na tumboni. Mrudishe kwenye friji bila kumfunika, saa 24 hadi 48.

Kwanza chumvi inavuta maji, na utaona ngozi imelowa. Kisha inayeyuka ndani ya maji hayo, na nyama inayanyonya tena polepole. Chumvi ikishaingia inalegeza protini za msuli, na protini zilizolegea hazijikunji sana zikipata joto, kwa hiyo hazikamui maji mengi. Wakati huohuo hewa ya friji inakausha ngozi. Ngozi yenye maji haiwezi kuwa ya kahawia mpaka maji yote yaishe. Iliyokauka inaanza kubadilika rangi mapema na inatoka na mlio wa kukatika. Zamani nilikuwa nazamisha ndege kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Nyama inabaki na maji kweli, lakini ni maji ya bomba yaliyoingia, na ladha inapooza. Niliacha.

Sasa moto. Ukielewa jambo moja tu, hutahitaji kukariri mapishi: ndani ya mwili mmoja kuna nyama mbili zenye mahitaji tofauti. Kidari ni msuli ambao ndege wa kufugwa hautumii sana, hauna kano nyingi, na ukipita nyuzi 74 kila nyuzi inayoongezeka inaukamua. Paja ni msuli wa kutembea. Limejaa kolajeni, ile tishu ngumu inayoshikilia nyuzi za nyama, na kolajeni inahitaji joto la kama nyuzi 80 na muda wa kutosha ili iyeyuke kuwa ute laini. Paja la nyuzi 74 ni salama lakini linavutika mdomoni. Kidari cha nyuzi 80 kimekauka. Kazi yote ya mpishi ni kukichelewesha kidari na kuliharakisha paja. Ndiyo maana nilisema vipande vilivyonunuliwa kando vina thamani: kila kimoja kinatoka kikifika kwake.

Kwa ndege mzima, njia ninayoipenda kuliko zote ni kumpasua mgongo na kumlaza. Kwa mkasi imara wa jikoni, kata pande zote mbili za uti wa mgongo, uutoe wote. Mgeuze kidari kikiwa juu, weka viganja viwili katikati ya kifua na ubonyeze kwa uzito wa mwili mpaka mfupa ulie na ndege alale bapa. Sasa mapaja yamelala pembeni ambako joto ni kali, kidari kiko katikati, na unene wa kila mahali unakaribiana. Katika oveni ya nyuzi 220, ndege wa kilo 5.5 aliyelazwa hivi anaiva kwa dakika 80 hadi 90 hivi. Ngozi yote inatazama juu, kwa hiyo yote inakauka vizuri. Unachopoteza ni sura ya ndege mzima juu ya sinia, na mimi nimekubali hasara hiyo. Zaidi ya kilo 6 hata hivyo, trei ya kawaida haimtoshi.

Ukitaka lazima awe mzima, muweke juu ya wavu ndani ya trei, anza na nyuzi 220 kwa dakika 30, kisha shusha hadi 165. Usimfunge miguu ikabana, maana joto halitapita katikati ya mapaja. Elekeza miguu nyuma ya oveni, ambako kwa kawaida kuna joto zaidi. Kidari kikipata rangi, kifunike kwa kipande cha foili. Usimjaze kitu tumboni. Kile kilichomo nacho kinapaswa kufika nyuzi 74, na kikifika, kidari kimeshapita zamani. Mimina kikombe cha maji na vipande vya kitunguu na karoti kwenye trei ili mafuta yanayodondoka yasiungue.

Na acha kufungua mlango kila nusu saa kummwagia mchuzi. Mchuzi hauingii kupitia ngozi. Joto linatoka, ngozi inalowa upya, muda unarefuka. Mpake siagi au mafuta mara moja mwanzoni, inatosha.

Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama ndicho chombo ninachomwomba kila mtu anunue kabla ya kununua bata mzinga mwenyewe. Kiingize sehemu nene ya kidari ukitokea upande wa shingo, na kwenye paja upande wa ndani karibu na kiungo, ncha isiguse mfupa, kwa sababu mfupa unapotosha namba. Rudia upande wa pili. Anza kupima theluthi mbili ya muda ikipita. Namba ya usalama ni nyuzi 74 kila mahali. Paja mimi naliacha lifike 80. Usitegemee rangi ya majimaji: yanaweza kuwa meupe kabla nyama haijaiva, na yanaweza kubaki na wekundu baada ya kuiva. Kile kidude cha plastiki kinachochomoza chenyewe, ambacho baadhi ya ndege huuzwa nacho, mara nyingi huchomoza kidari kikiwa kimeshakauka.

Ndege mkubwa anaendelea kupanda joto akitoka motoni, nyuzi 3 hadi 5 hivi. Kwa hiyo kidari nakitoa kikiwa 71, nakiachia kipimajoto ndani, na naitazama namba mpaka iguse 74. Isipofika, ndege anarudi ndani. Mezani wakiwepo wajawazito, wazee au watoto wachanga, sifanyi hivyo. Nasubiri 74 ndani ya oveni.

Mpumzishe dakika 30 hadi 40, amefunikwa kwa foili iliyolegea au bila kifuniko. Ukimfunika akabanwa, mvuke unailainisha ile ngozi uliyoihangaikia siku mbili.

Basi narudi kwa yule wa watu kumi na wanane. Gramu 600 mara 18 ni kilo 10.8, kwa hiyo ndege wawili wa barafu wa kilo 5.5 kila mmoja. Tuseme chakula ni Jumamosi saa 7 mchana. Jumatatu jioni wote wawili wanaingia kwenye friji. Alhamisi jioni wameyeyuka: wapasue migongo, wapake chumvi gramu 55 kila mmoja, warudi friji bila kufunikwa. Migongo miwili, shingo na firigisi viingie sufuriani usiku huohuo na kitunguu, vichemke kwa moto mdogo saa tatu, supu ichujwe. Maini yaweke kando, yanatia uchungu. Jumamosi saa 4 asubuhi washa oveni nyuzi 220. Saa 4 na nusu trei mbili zinaingia, rafu ya juu na ya chini, na baada ya dakika 45 zibadilishane nafasi. Trei mbili zinapunguza kasi ya joto, kwa hiyo anza kupima saa 5 na dakika 40, na tegemea kuwatoa kati ya saa 6 na saa 6 na robo. Wakipumzika, mafuta ya trei na ile supu vinakuwa mchuzi.

Kukata, anza na miguu: vuta paja nje, kiungo kitajionyesha, pitisha kisu hapo. Kisha ondoa kila upande wa kidari mzimamzima kutoka kwenye mfupa, uulaze ubaoni, ukate vipande ukikingamisha nyuzi za nyama, kila kipande kikiwa na ukingo wake wa ngozi. Kinachobaki kiwe ndani ya friji kabla ya saa mbili kupita tangu atoke motoni, kikiwa kimetolewa mifupani na kupangwa kwenye vyombo vya kina kifupi ili kipoe haraka. Kitakaa siku tatu hadi nne. Cha zaidi ya hapo kiende friza, na mifupa irudi kwenye sufuria ileile ya Alhamisi.